Aliyelinda Masweta Yetu

Siku hizi klabu za michezo hapa Songea huniita nikawasaidie. Wananieleza kwenye simu: mwalimu, tunataka kila mtu acheze, akina mama, wazee, wenye ulemavu, njoo utuambie tufanyeje. Naenda. Nilifundisha michezo shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, nimestaafu, muda ninao. Nikifika uwanjani siombi daftari la wanachama wala sisikilizi hotuba ya mwenyekiti. Natafuta aliyekaa. Kila klabu ina mtu mmoja aliyekaa pembeni na fulana ya klabu mwilini, na viongozi watakuapia kwamba mtu huyo ana furaha sana.

Timu moja ya mpira wa pete ilikuwa na dada kiziwi anayedaka mpira kuliko wote, wakamfanya mgawa maji kwa sababu hasikii filimbi. Nikawauliza, mwamuzi wenu ana mikono mingapi? Akipuliza filimbi, ainue na kitambaa. Walitazamana, mmoja akacheka kwa aibu, na wiki iliyofuata yule dada alicheza dakika zote. Kazi yangu ndiyo hiyo, haina uganga wowote. Watu hunisifu kwamba nina jicho kali. Jicho sina. Kuna mtu ananifuata, na yeye ndiye anayenionyesha pa kutazama.

Nasema ananifuata, na anayetaka kucheka acheke. Mimi ni Mkatoliki, misa siikosi, na mambo ya mizimu ya barabarani nilikuwa nawaachia wengine. Lakini Jumamosi alfajiri, tukishaanza mchakamchaka na vishindo vya miguu vikishaenda pamoja, nasikia nyuma yetu mkongojo unagusa lami, halafu mguu unaburutwa, halafu mkongojo tena. Nageuka. Barabara ni tupu, labda mbwa mmoja anavuka. Wenzangu wameshazoea kuniona nikigeuka na hawaniulizi kitu.

Huyo anayenifuata alikuwa fundi cherehani, Myao wa Namasakata kule Tunduru. Alikuja Songea akiwa binti kuishi na shangazi yake, na shangazi alipofariki alimwachia cherehani na kibaraza pale Majengo. Sisi wote tulimwita Fundi. Mguu wake wa kushoto ulipooza kwa polio tangu utotoni, kwa hiyo akitembea alishika mkongojo kwa mkono wa kulia na kwa mkono wa kushoto akalikandamiza goti kila hatua, lisimkunjikie. Mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Kwetu Wangoni na Wayao tunataniana, na siku ya kwanza nilipompelekea sketi ya kuongezwa kiuno aliniuliza kama nimekula maharage ya kijiji kizima. Tangu siku hiyo sikupeleka nguo kwa fundi mwingine.

Klabu ya mchakamchaka niliianzisha mimi. Tulikuwa walimu, wauza maduka, madereva wa bodaboda, akina mama wa kwaya, watu thelathini na kitu. Tulikutana uwanja wa shule saa kumi na mbili asubuhi, tukavua masweta na makoti, tukaweka simu na funguo juu ya ukuta mfupi, tukaondoka kuelekea Matogoro tukiimba, mpaka darajani na kurudi. Anayeijua baridi ya Songea ya mwezi wa sita anajua kwamba sweta si kitu cha kuchezea. Jumamosi moja tulirudi tukakuta masweta manne hayapo. Ndipo nikamkumbuka Fundi, ambaye kibaraza chake kilikuwa hatua chache tu kutoka uwanjani.

Nilikwenda jioni ile ile. Nikamwambia, "Fundi, nataka ujiunge na klabu yetu."

Alisimamisha cherehani. Akaniangalia moja kwa moja, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. "Mimi?" akasema.

"Wewe. Tunahitaji mtu mwaminifu wa kutulindia masweta."

Alivuta uzi uliokuwa kwenye sindano, akaukata kwa meno, akasema, "Sawa, mwalimu. Masweta nitayalinda." Akacheka, na mimi nikacheka, nikaenda zangu nikijiona mtu mwema. Kama kuna saa moja ya maisha yangu ningepewa niirudie, nisingechagua ya harusi yangu wala ya kuzaliwa kwa wanangu. Ningechagua ile ya kibarazani.

Akawa anakuja kabla ya wote. Tulimpa fulana ya klabu, akaipunguza ubavuni ikamkaa vizuri kuliko sisi tulioivaa kama magunia. Alikaa juu ya ukuta, masweta yetu kando yake ameyakunja moja moja, na tukirudi tunatweta alimpa kila mtu lake bila kukosea. Tulimpenda, nataka hilo lieleweke. Akina mama walimletea ndizi. Mmoja wa bodaboda alikuwa akimwita mkurugenzi.

Mwaka uliofuata afisa michezo aligawa fomu kwa klabu zote, na fomu iliuliza klabu ina wanachama wangapi wenye ulemavu. Niliandika mmoja. Kwenye bonanza la klabu tulipewa kikombe kwa kuwa klabu isiyobagua mtu, na afisa akaomba Fundi ndiye akipokee. Alikwenda taratibu mbele ya watu wote, mkono gotini, wakampigia makofi mpaka akarudi. Picha ninayo ukutani: yeye katikati ameshika kikombe, mimi nyuma yake nimeweka mkono begani mwake. Hakuwa amekimbia wala kutembea nasi hata hatua kumi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana mwaka ule. Nilianza hata kuwafundisha wenyeviti wa klabu nyingine jinsi ya kufanya kama sisi.

Baada ya bonanza ndipo alipoomba. Tulikuwa tunavua masweta. Akasema, "Mwalimu, leo na mimi niende."

Nikamjibu kwa utani, kwa sababu utani ulikuwa karibu. "Wewe Myao ukienda, nani alinde? Hawa Wangoni wenzangu nawajua, wataiba."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Wiki mbili baadaye alinishika mkono pembeni, wenzangu hawasikii. "Sisemi nikimbie. Nitembee. Hata nikiishia njia panda, nirudi polepole. Mkinikuta njiani mnanipita tu."

Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalionekana ya busara. Magari. Umande, lami inateleza. Akianguka tutalaumiwa. Wengine watalazimika kumsubiri, na wengine wanawahi kufungua maduka. Kumbe nilichoogopa ni kitu kidogo tu: mdundo wetu. Ule msururu wa watu thelathini wanaokanyaga pamoja na kuitikia pamoja ulikuwa fahari yangu, na sikutaka uwe na mkia. Siku zile nisingelikubali hilo hata mbele ya padri.

Nikamwambia, "Subiri tulipange vizuri. Tutafanya siku maalumu kabisa, ya watu wenye ulemavu wote wa mjini. Tutaweka bango, afisa atakuja, utatembea mbele sisi nyuma."

"Siku gani?"

"Nitakuambia."

"Haya, mwalimu. Nitangoja."

Nilikuwa mkweli wakati ule. Nilizungumza na afisa, akasema wazo zuri, tusubiri mvua ziishe. Mvua zikaisha, ukaja msimu wa mahindi, watu wako mashambani. Baada ya mahindi mitihani. Kila Jumamosi nilimkuta ukutani na kila Jumamosi nilimwambia siku yetu inakuja, Fundi, mpaka yakawa kama salamu. Aliitikia, "Nipo." Ulipita mwaka na zaidi. Hakuniomba tena.

Jumatatu moja alianguka kibarazani kwake. Presha, walisema hospitali. Jumatano akafariki. Ndugu zake walikuja usiku ule wakamchukua, akazikwa Namasakata Alhamisi mchana, Waislamu hawachelewi. Sisi tulipata nafasi ya kwenda siku ya kuanua tanga. Tulikodi Kosta, tukavaa fulana za klabu, tukabeba mchele na sukari kama inavyotakiwa. Njiani tuliimba nyimbo za mchakamchaka, lakini taratibu. Nilikaa kiti cha mbele nikitazama mikorosho inavyoanza kuongezeka kadiri tunavyokaribia kwao.

Baada ya dua na chakula watani waliingia kazini. Anayejua misiba ya kwetu anajua kwamba mtani hulia kwa kuchekesha. Huvaa nguo za marehemu, huiga alivyokuwa akitembea na kusema, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Mtani wa siku ile alikuwa mama muuza mboga wa Majengo, Mngoni kama mimi, ambaye genge lake lilikuwa jirani na kibaraza cha Fundi. Yeye alikuja pamoja na mwili, akabaki na wafiwa. Alitoka ndani amevaa fulana ya Fundi, ile ya klabu, imembana. Mkononi ana mkongojo wa Fundi, mkono wa pili gotini.

Akaanza kutembea katikati ya ua. Alimpatia kabisa. Mkongojo, mguu, mkongojo. Wanawake wakaanza kucheka na kufunika nyuso kwa kanga.

"Nipisheni," akasema kwa sauti ya Fundi. "Leo Alhamisi. Duka nimefunga. Naenda jogging."

Nilicheka. Nilidhani ni chumvi ya mtani.

"Hapa ni kwenye mnara wa simu. Nimechoka. Sikai." Akaenda hatua chache, akijifuta jasho. "Hapa ni njia panda. Mama mihogo, nipe kigoda changu nikae kidogo." Akachuchumaa, akapumua kama anayekata roho, watu wakaangua vicheko, akainuka. "Haya, kilima hiki. Wangoni wanakipanda wanaimba. Mimi nakipanda natukana." Akazunguka ua mzima hivyo, akitaja kila mahali tunapopita sisi Jumamosi, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka. "Darajani. Nimefika. Kurudi nyumbani napanda bodaboda, mimi si mjinga." Halafu akasimama mbele yetu wenye fulana. Akaninyooshea mkongojo mimi. "Mwalimu akiniambia siku, atanikuta tayari."

Ua mzima ulicheka. Mama mzazi wa Fundi, bibi mdogo aliyekaa mkekani, alicheka mpaka akashikwa na binti zake. Mimi nilikuwa bado nimefungua mdomo kwa kicheko, na kicheko hakikutoka wala hakikurudi.

Nilimfuata yule mama nyuma ya jiko alipokuwa anavua fulana. Nikamwuliza kama ni utani au ni kweli.

"Mwalimu, msibani tunachekesha, hatutungi uongo," akasema. "Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Alikuwa ananiachia funguo. Mwanzo alikuwa anaishia pale mnarani anarudi analia kwa maumivu, namkanda na maji ya chumvi. Mwezi huu mnarani, mwezi ujao njia panda. Mpaka akafika darajani. Tangu mwezi wa nane alikuwa anafika darajani kila wiki."

"Kwa nini hakuniambia?"

Alikunja ile fulana polepole. "Si ulimwambia angoje? Alikuwa anangoja. Nilimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, nenda kamwambie unaweza. Akasema hapana, mwalimu asije akaona namlazimisha."

Sikumbuki safari ya kurudi. Nakumbuka tu kwamba hakuna aliyeimba, kwa sababu nilikuwa nimewaeleza wote, na kwamba dereva wa bodaboda aliyemwita mkurugenzi alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo akiwa amefumba macho.

Jumamosi iliyofuata ukutani hapakuwa na mtu. Masweta tuliyafunga viunoni, na kila mmoja alibeba simu yake. Ilikuwa rahisi hivyo. Hatukuwa tumemhitaji mlinzi hata siku moja. Tulianza kukimbia, na kabla hatujafika mnarani nikausikia mkongojo nyuma.

Alhamisi niliamua kwenda peke yangu. Sikuwa na mpango wa maana. Nilitaka kuona njia kama alivyoiona yeye, kwa mwendo wake, saa ile ile. Adhana ya alasiri ilipokwisha nikaondoka Majengo, nikitembea polepole kiasi kwamba watu waliniuliza kama naumwa. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba njia yetu ina kilima kabla ya kilima. Tukikimbia hatukioni. Kwa mwendo ule kilikuwa kirefu, na goti langu zima lilianza kulalamika, nikajikuta nimelishika kwa mkono.

Njia panda, mama wa mihogo alikuwa anakaanga. Kando ya karai palikuwa na kigoda kitupu, kimefutwa vumbi. Nilipotaka kukaa akasema, "Samahani dada, hicho kina mwenyewe. Leo amechelewa, na wiki mbili zilizopita hakuja." Akaniletea ndoo iliyofunikwa nikae juu yake. Nilikula muhogo mmoja. Nilijua natakiwa kumwambia, nikashindwa. Nililipa nikaondoka, na nilipogeuka kigoda kilikuwa bado kinangoja.

Jua la jioni lilikuwa linamulika milima ya Matogoro mbele yangu nilipokaribia daraja. Chini ya miti ya kando walikuwa wamekaa mabibi watatu, kila mmoja na fimbo yake na raba miguuni. Raba zile zilinishtua, maana moja ilikuwa imeshonwa ubavuni kwa uzi wa cherehani, mshono mdogo mdogo ninaoujua.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia pamoja. Mkubwa wao akaniangalia fulana. Nilikuwa nimevaa ya klabu bila kufikiri. "Wewe unatoka kwa akina Fundi?"

Nikasema ndiyo.

Wakaanza kunieleza kwa zamu. Mmoja ana sukari, mwingine presha, wa tatu ana miguu inayovimba tu. Kliniki waliambiwa watembee, lakini nani atatembea barabarani uzeeni bila kuchekwa? Siku moja wakamwona Fundi anakuja na mkongojo. Wakasema kama huyu anaweza. Tangu hapo kila Alhamisi walimngoja chini ya ile miti, wakatembea naye kile kipande cha mwisho mpaka darajani, wakampandisha bodaboda. Wa miguu iliyovimba alisema siku hizi pete ya ndoa inaingia tena kidoleni.

"Alituambia kuna mwalimu anaandaa siku," akasema yule mkubwa. "Kwamba mwalimu akimwita, atakwenda na sisi watatu, tuingie klabu. Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Mbona yeye hayupo? Anaumwa?"

Pale hapakuwa na ndoo wala muhogo wa kujifichia. Nikawaambia. Nikawaambia na mengine yote: masweta, kikombe, bango ambalo halikuchorwa, na jinsi nilivyomwambia subiri mpaka akafa anasubiri. Nilisema nikiwa nimesimama kama mtoto anayekiri kosa mbele ya mwalimu mkuu. Hawakunikatiza. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Wa sukari aliinamisha kichwa akawa anachora ardhini kwa fimbo yake, kwa muda mrefu, na mimi sikujua kama niondoke au nikae.

Hatimaye yule mkubwa akainua uso. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Na sisi je?" akaniuliza. "Tuendelee kungoja?"

Nilijibu hapana. Sauti ilinitoka ndogo, ikabidi nirudie. Wakashikana mikono wakainuka, wakaanza kutembea kuelekea darajani kwa mwendo wao, fimbo tatu juu ya lami, na nilisikia nyingine ya nne na sikugeuka. Nilikuwa nyuma yao, sioni njia vizuri kwa machozi, nikijikwaa. Walipofika darajani walisimama wakanisubiri.